KAMPUNI IKO SEYCHELLES, TANGAWIZI IKO UPARENI!

Wiki hii sina stori ya nani kaonekana na nani, wala sina dawa ya mpenzi asiyepokea simu. Nina stori ya mshiko, na mshiko wenyewe umetoka kwenye zizi la mama wa watu. Vuta stuli, kaa mkao wa kula.

Mwezi uliopita nilikwenda kusalimia nyumbani, Lembeni. Kwa wewe mtoto wa mjini ambaye ramani yako inaishia Mbezi, Lembeni ni hivi: unatoka Moshi unaitafuta Same, ukishaipita Mwanga mjini unaiona, milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto na tambarare yenye joto lake mkono wa kulia. Kuna barabara kuu ya lami, kuna stesheni ya reli ya Tanga, na kuna vijiwe ambavyo dunia nzima hujadiliwa humo kuanzia saa kumi jioni.

Kwenye kijiwe kimojawapo nikamkuta jamaa yangu tuliyekaa dawati moja sekondari. Huyu jamaa si mvivu. Ananunua tangawizi kwa wakulima wa Mamba Miamba kule milimani upande wa Same, anaiteremsha, anaipeleka Arusha, na ikikaa vizuri anaivusha Holili mpaka Kenya. Anachakarika kweli kweli. Lakini siku hiyo alikuwa amekaa kama waziri, mguu juu ya mguu, akanipa kadi.

Nikasoma. Jina lake, cheo "Mkurugenzi Mtendaji", jina la kampuni lenye neno "International" katikati, na anuani: Victoria, Mahé, Seychelles.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi siyo mchuuzi tena. Mimi sasa ni wa kimataifa."

Nikamuuliza amekwenda lini Seychelles. Akacheka. "Nani aende? Kampuni inafunguliwa kwa simu tu! Kodi hakuna, maswali hakuna, jina lako halionekani popote."

Kumbe kuna bwana mmoja mtanashati alikutana naye Arusha, tai shingoni, mkoba mkononi, ofisi yake ni meza ya hotelini. Bei ya mpango mzima dola 1,800. Jamaa alishalipa 600 za kuanzia, na hizo zilitokana na dume moja la mama yake. Zilizobaki 1,200 zilitakiwa Ijumaa. Zingetoka wapi? Dume la pili, na kipande cha shamba kimewekwa rehani.

Hapo ndipo na mimi nikaanza kukaa vizuri.

KISIWA CHA KUFICHIA

Msomaji wangu, Seychelles ni nchi kweli, tena nzuri. Ni visiwa 115 katikati ya Bahari ya Hindi, watu wake ni takriban laki moja tu, yaani wote ukiwaleta Dar hawajazi hata wilaya moja. Wamepata uhuru mwaka 1976. Wanaishi kwa watalii na samaki aina ya jodari. Na tangu mwaka 1994 walipopitisha sheria ya kampuni za biashara za kimataifa, wanaishi pia kwa kuuza makaratasi.

Lakini kuna kitu nilimkumbusha jamaa yangu, kwa sababu somo la historia tulifundishwa na mwalimu mmoja, yeye akawa anasinzia. Sisi watu wa Lembeni tuko Wilaya ya Mwanga, sivyo? Basi kuna Mwanga mwingine aliyetangulia Seychelles zamani! Kabaka Mwanga wa Buganda, pamoja na Kabalega wa Bunyoro, walikamatwa na Waingereza mwaka 1899 wakapelekwa huko. Mwanga alifia huko huko mwaka 1903. Mfalme Prempeh wa Waashanti, kule ambako leo ni Ghana, alifikishwa mwaka 1900, akarudishwa kwao 1924. Na Khalid bin Barghash wa Zanzibar, yule wa vita ya mwaka 1896 iliyokwisha kabla chai haijapoa, alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, naye akaonja Saint Helena na Seychelles kabla ya kuruhusiwa kurudi pwani yetu. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Umeona mchezo? Zamani Mwingereza akitaka mtu asionekane alimpeleka kisiwani kwa nguvu. Siku hizi mtu anajipeleka mwenyewe, kwa karatasi, na anatoa hela juu.

INAVYOKWENDA

Sasa tusije tukawa waongo. Kufungua kampuni Seychelles si uhalifu. Sheria yao inaruhusu, na ile ya 1994 waliibadilisha kwa nyingine ya mwaka 2016. Mambo yenyewe yanakwenda hivi.

Huendi wewe. Unampata wakala wa huko aliyepewa leseni na mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia huduma za fedha. Wakala anachagua nawe jina, anapeleka makaratasi kwa msajili, anakuazima anuani yake. Mwenye hisa anaweza kuwa mmoja, mkurugenzi mmoja, na wote wawili wakawa wewe yule yule uliyekaa kijiweni Lembeni. Kila mwaka unalipa ada ya serikali na unamlipa wakala. Ukiacha kulipa, jina lako linafutwa daftarini, na kampuni imekufa bila hata matanga.

Wanaozitumia kihalali wapo. Matajiri watatu wa nchi tatu wanataka kununua meli pamoja, kila mmoja hataki sheria za mwenzake, basi wanakwenda mahali pa katikati. Huyo anajua anachokitafuta, ana mwanasheria na ana mhasibu. Jamaa yangu alikuwa na tenga la tangawizi na kadi.

Halafu yale aliyoambiwa na bwana wa mkoba yalikuwa ya jana. "Maswali hakuna"? Tangu mwaka 2020 Seychelles ina sheria inayotaka mwenye mali halisi ajulikane na aandikwe. Kweli, orodha hiyo haibandikwi ukutani kila mtu aisome, lakini wakala anayo na serikali yao inaifikia. "Kodi hakuna"? Msamaha ule wa jumla jumla waliuondoa, na tangu 2019 mambo yamebadilika, kwa sababu Ulaya iliwakalia kooni. Jumuiya ya Ulaya iliwaweka kwenye orodha yake nyeusi mwaka 2020, ikawatoa 2021, ikawarudisha Oktoba 2023, ikawatoa tena Februari 2024. Sasa nchi ikiingia na kutoka kwenye orodha kama konda mlangoni mwa daladala, benki zinafanya nini? Zinaogopa! Kufungua kampuni ni kazi ya siku chache. Kupata benki ya kuifungulia akaunti ndiyo shughuli pevu: lete pasipoti, lete ushahidi wa makazi, hela imetoka wapi, mteja wako nani, mkataba uko wapi.

Na hapa nyumbani je? Hili ndilo lililomfanya jamaa ashushe mguu. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiulizi tu kampuni imezaliwa wapi. Inauliza pia inaongozwa kutoka wapi. Kama maamuzi yanafanyika Tanzania, kampuni hiyo mbele ya TRA ni mkazi wa Tanzania, na kodi yake ya asilimia 30 iko pale pale kwenye faida. Mkurugenzi yuko Lembeni, daftari liko Lembeni, simu inapigwa kutoka Lembeni. Hiyo Seychelles iko wapi hapo? Iko kwenye kadi tu! Tena kampuni ya nje ikitaka kufanya biashara hapa lazima ijiandikishe BRELA kama kampuni ya kigeni. Yaani umezunguka bahari nzima, umerudi kwenye dirisha lile lile, ila sasa unaingia kama mgeni nyumbani kwenu.

VIJISENTI NA RADA

"Lakini kaka," akasema jamaa, "mbona wakubwa wanafanya?"

Swali zuri. Wakubwa wanafanya, na tujikumbushe bili ilimfikia nani.

Unaikumbuka rada? Mwaka 1999 serikali yetu ilisaini kununua rada ya kuongozea ndege kutoka kwa Waingereza, kampuni ambayo baadaye ikawa mikononi mwa BAE Systems. Bei ilikuwa pauni milioni 28. Hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza waziri wa misaada, Clare Short, alipiga kelele kwamba ni ghali na haitufai. Ikanunuliwa hivyo hivyo. Baadaye ikajulikana kwamba kiasi cha dola milioni 12 zililipwa kwa mtu wa kati. Zilipita wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye kampuni ya BAE iliyoitwa Red Diamond, iliyoandikishwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ikaingia kwenye kampuni nyingine, Envers Trading, iliyoandikishwa Panama. Panama si kisiwa, lakini ngoma ni ile ile.

Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani London. Ilikiri kosa gani? Si rushwa. Ilikiri kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Ikapigwa faini ya pauni laki tano, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania. Hela hizo zikaja kuwa vitabu vya shule za msingi na madawati. Sasa piga hesabu: mkataba 1999, vitabu baada ya 2010. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule rada inasainiwa alishamaliza la saba, alishamaliza na sekondari, ndipo kitabu kikafika.

Na lile neno tunalotaniana nalo mpaka leo, "vijisenti", nalo lilitoka kisiwani. Mwaka 2008 iliripotiwa kwamba Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti huko Jersey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa. Alipoulizwa akaziita vijisenti. Akajiuzulu uwaziri Aprili ile ile. Haki yake tuiseme: alikana kwamba zina uhusiano na rada, na hakufikishwa mahakamani kwa suala hilo. Lakini msamiati ulishaingia mtaani, hautoki.

Mwaka 2016 ndiyo kabisa, nyaraka milioni 11.5 za kampuni moja ya mawakili wa Panama zikavuja, na ndani yake kampuni zaidi ya laki mbili za namna hii. Wakuu wa nchi, wachezaji mpira, wafanyabiashara, wamo. Wengine hawakuwa na kosa lolote, wengine vibarua viliota nyasi. Ila wote walikuwa wameahidiwa lile lile alilonunua jamaa yangu kwa dume la mama yake: hutaonekana.

SWALI LA MAMA

Jioni tukaenda kwao. Mama akatuwekea makande, na ukila makande ya Upareni mikono ikiwa michafu kwa aibu unanawa mara mbili. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akauliza habari za mjini, kisha akamgeukia mwanawe.

"Baba, hicho kisiwa wanalima tangawizi?"

"Hapana mama."

"Wanainunua sana?"

"Siyo sana mama. Wateja wangu wako Arusha na Kenya."

"Sasa kampuni inakwenda kufanya nini huko?"

Kimya. Sinia likawa linaangaliwa na watu watatu.

Mama hakuwa amemaliza. "Na wale kina mama wa Mamba Miamba unaowachukulia mzigo kwa mkopo, siku ukichelewa kuwalipa, watakufuata na meli?"

Msomaji, nimesoma makala nyingi kuhusu hizi kampuni, sijaona mahali pameelezwa vizuri kuliko pale kwenye makande. Kampuni ya kisiwani kazi yake kubwa ni kumweka mwenyewe mbali na anayemtafuta. Kwa anayefichwa ni raha tupu. Lakini mbele ya kila aliyefichwa yuko mtu anayedai: mkulima anadai gunia lake, mtoto anadai kitabu, serikali inadai kodi ya kujengea zahanati. Huyo ndiye anayebaki ufukweni anaangalia maji.

Jamaa akatoka nje na simu. Alitaka kumuuliza yule bwana jambo moja tu ambalo nilimwambia aulize: jina la wakala mwenye leseni kule Seychelles, kwa sababu mamlaka yao inayo orodha ya mawakala wote na mtu yeyote anaweza kuiangalia. Bwana akasema atapiga baada ya dakika tano.

Hakupiga. Kesho yake hakupatikana. Keshokutwa namba ikawa haipo.

MPARE AKOSA PA KUSHTAKI

Sasa wewe unatujua sisi Wapare kwa kesi. Watani zetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Jamaa akavua kadi, akavaa Upare wake. "Namburuza mahakamani! Dume la mama yangu haliendi bure!"

Tukachukua risiti ya zile dola 600 tukaisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na jina la mtu. Kulikuwa na jina la kampuni na sanduku la posta la kisiwa kingine kabisa, ng'ambo ya Atlantiki. Jina la kweli la yule bwana jamaa halijui, alikuwa akimwita "Bosi". Ofisi ilikuwa meza ya hoteli. Tukaenda polisi kuandikisha, wakaandika, wakatuuliza mnayemshtaki anaitwa nani na anakaa wapi. Tukatazamana.

Mpare kakosa pa kushtaki! Hiyo haijawahi kutokea tangu milima ile iumbwe. Njiani kurudi jamaa akacheka mwenyewe, cheko la mtu aliyechomwa. "Mwanangu, unajua nini? Alichonifanyia ndicho nilichokuwa nakinunua."

Sikuwa na la kuongeza.

SASA YUKO WAPI?

Hajafa na tai shingoni. Dume la pili liko zizini linakula majani. Shamba halikuwekwa rehani. Jamaa ameandikisha biashara yake BRELA kwa mtandao, amechukua namba ya mlipakodi, na jina la biashara ni jina ambalo kila mkulima kule milimani analijua. Kwa mzigo wa Kenya amefundishwa kwamba kinachotakiwa mpakani hakihusiani na Seychelles hata kidogo: cheti cha afya ya mimea, na cheti cha uasili kinachoonyesha kwamba tangawizi imelimwa ndani ya Afrika Mashariki, ili isitozwe ushuru wa forodha. Cheti hicho kinauliza mzigo umetoka nchi gani. Hakiulizi kadi yako imeandikwa kisiwa gani.

Kwa hiyo na wewe kijana mwenzangu, ukikutana na bwana wa mkoba anakwambia utakuwa wa kimataifa kwa dola kadhaa, muulize maswali ya yule mama. Biashara yako iko huko? Wateja wako wako huko? Na ukidaiwa, watakukuta wapi? Ukiona majibu yote matatu ni "hapana", jua umeuziwa shimo la kujificha, tena hukuwa na anayekukimbiza.

Ile kadi jamaa hajaitupa. Ameibandika ukutani dukani kwao, juu ya mizani. Wateja wakiuliza, mama yake ndiye anayejibu: "Hilo ni dume letu, liko Seychelles."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Jichunge!